Nani Aliyeleta Mvua?

Vuli ya 2019 ilinyesha Afrika Mashariki kupita kiasi. Mwezi Novemba, maporomoko ya udongo yalifukia watu na nyumba zao huko Pokot Magharibi, Kenya. Miezi hiyohiyo, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, Australia ilikauka na misitu yake ikateketea. Ukitazama kwa haraka utasema ni misiba miwili ya nchi zisizohusiana. Ukweli ni kwamba bahari ileile ilikuwa na mkono katika yote miwili.

Mwaka 1999, N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao walieleza katika jarida la Nature jinsi bahari hii inavyoweza kuegemea upande mmoja. Miaka ya kawaida, maji yenye joto hukusanyika mashariki, karibu na Indonesia. Lakini ipo miaka ambayo pepo za mashariki hushika nguvu, zikayasukuma maji hayo kuelekea kwetu. Pwani ya Sumatra maji baridi hupanda kutoka kilindini, na mawingu huyafuata maji ya moto. Sisi tunapata gharika, wenzetu wanapata ukame.

Sasa uliza: chanzo ni upepo au bahari? Upepo ndio uliosukuma maji. Lakini tofauti ya joto la maji, magharibi moto na mashariki baridi, ndiyo inayouongezea upepo huo nguvu, nao ukazidi kusukuma. Tumelelewa kuamini kwamba sababu hutangulia na matokeo hufuata: jiwe limerushwa, kioo kimevunjika. Hapa kila kimoja ni sababu ya mwenzake, na anayeng'ang'ania kumtafuta wa kwanza atazunguka na mduara huo bila kufika.

Wapo wanaokimbilia kusema kwamba duniani kila kitu kimeungana na kila kitu. Kauli hiyo inapendeza, nami siikubali. Ikiwa vyote vimeungana sawasawa, basi hakuna kinachoeleza kingine. Thamani ya elimu ya mifumo ya dunia iko katika kupambanua: uzi upi ni mnene na upi ni mwembamba, upi huvuta baada ya wiki na upi baada ya miaka. Gilbert Walker, aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kuanzia 1904, alitumia miaka mingi kulinganisha takwimu za vituo vya mbali akitafuta uhusiano wa namna hiyo hasa, ili aweze kuitabiri mvua ya monsuni.

Na kupambanua huko kunatugusa kimaadili. Sababu ya mbali haimwondolei lawama aliye karibu. Bahari huchangia kuamua ni maji kiasi gani yataanguka kutoka angani. Yakishafika chini, yanakutana na miteremko iliyokatwa miti, mitaro iliyojaa taka, na nyumba zilizojengwa mahali ambapo mto ulikuwa ukipita tangu zamani. Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, limefurika mara nyingi, na hakuna nyuzi za joto la bahari zinazoeleza kwa nini familia maskini ndizo zinazoishi humo.

Kwa hiyo utabiri wa vuli unapotangazwa, tuusikilize kwa makini, kisha tuwaulize viongozi wetu mitaro imezibuliwa lini, na nani aliyeruhusu watu wajenge bondeni.