Sanduku la Gitaa: Je, Nia Njema Yatosha?



Mwalimu mmoja wa kwaya ameleta swali, nami naona vema kulijibu mbele ya wote, maana latuhusu watu wengi. Usharika wake ulipewa gitaa la kale la nyuzi 12 na ndugu zetu wa usharika mmoja wa Marekani. Lilifika limeviringishwa katika mablanketi, halina sanduku. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mtu apendaye sana nyimbo, akanunua sanduku kwa fedha yake mwenyewe, akalileta kwa furaha. Lakini sanduku lile lilifanyizwa kwa ajili ya gitaa la nyuzi 6, na kifuniko chake hakifungi mpaka kikandamizwe kwa magoti. Mwalimu auliza: Je, nilitumie hivyo hivyo, nisije nikamhuzunisha mzee? Au nilikatae?

Huenda mtu akasema kwamba neno hili ni dogo mno. Lakini Bwana wetu alifundisha ya kuwa uaminifu wa mtu hujulikana kwanza katika mambo madogo. Basi na tukitazame chombo chenyewe, kisha tutazame moyo.

Gitaa la nyuzi 12 lina nyuzi zilizopangwa mbili mbili, jozi 6. Katika jozi 4 za sauti nene, kwa desturi uzi mmoja hulia oktava moja juu ya mwenzake. Jozi 2 za sauti nyembamba hulia sawasawa. Ndiyo sababu gitaa moja lasikika kama mawili. Walakini uzuri huo una gharama. Nyuzi 6 za chuma huvuta mti kwa nguvu ya kadiri ya kilo 70. Nyuzi 12 hupita kilo 100. Tena kichwa chake hubeba vigingi 12 badala ya 6, kwa hiyo ni kirefu na kizito zaidi.

Na magitaa ya kale hayakufuata kipimo kimoja. Yako, kwa mfano, yale yaitwayo Stella, yaliyotengenezwa na kiwanda cha Oscar Schmidt katika mji wa Jersey City, Marekani. Huddie Ledbetter, mwimbaji aliyeitwa Lead Belly, aliyefariki mwaka 1949, alijulikana sana kwa gitaa la namna hiyo, lenye nyuzi 12 ndefu kupita kawaida. Yaliuzwa kwa bei nafuu siku zile, na mengi yaliharibika kwa mvuto wa nyuzi zake. Yaliyosalia hutunzwa sana leo. Masanduku yauzwayo madukani siku hizi hufuata maumbo ya magitaa ya siku hizi. Haitupasi kustaajabu gitaa la kale likikosa kuingia.

Kwa hiyo mwenye kutafuta sanduku hupima kwanza. Apime urefu wote, toka ncha ya kichwa hata mwisho wa tumbo. Apime urefu wa tumbo peke yake. Upana wake mahali patatu, yaani juu, kiunoni na chini. Na kina cha ubavu. Kisha apime sanduku kwa ndani, si kwa nje, maana mto na mahameli hula nafasi. Sanduku lifaalo hulishika tumbo pande zote bila kulibana, huitegemeza shingo juu ya mto wake, na kichwa hukaa huru bila kugusa chini wala mwisho. Kichwa kikigusa, siku sanduku litakapoanguka chali, huvunjika karibu na shingo. Kifuniko kikilemea daraja la nyuzi, ubao wa juu huumia. Na sanduku likiwa kubwa mno, gitaa hugongagonga ndani kama kokwa katika kibuyu, na safari moja juu ya basi yatosha kuliharibu.

Sasa tulirudie swali. Wako watakaosema, Mungu huutazama moyo. Mzee ametoa kwa moyo mweupe. Basi zawadi yake ni njema, na ipokelewe kama ilivyo. Neno hili lina kweli ndani yake. Mjane yule aliyetia senti zake katika sanduku la hazina hakusifiwa kwa wingi wa fedha. Mbele za Mungu mtoaji hukubaliwa kwa neema, wala si kwa kipimo cha kazi yake.

Lakini hapo hapo ndipo tuangalie vema. Ikiwa Mungu amekwisha kutukubali kwa neema, basi kazi zetu njema hazimwongezei yeye kitu. Ni nani azihitajiye? Ni jirani. Na ikiwa ni za jirani, lazima zipimwe kwa haja ya jirani. Mtu amwekaye mgonjwa katika kitanda kifupi, akasema, nilikusudia mema, hajamlaza. Mti haujui nia. Hujua kubanwa na kuachwa huru. Nia njema ni mwanzo wa upendo, na upendo huendelea mpaka kuuliza, U mrefu kadiri gani? Una kiuno cha namna gani? Asiyepima ampenda mwenzake kama amwazavyo moyoni. Apimaye ampenda kama alivyo.

Tunao mfano katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17. Mfalme Sauli alimvika Daudi mavazi yake mwenyewe ya vita, chapeo ya shaba na dirii. Hatuoni kwamba alikusudia mabaya. Alimpa alivyokuwa navyo vilivyo bora. Daudi alijaribu kwenda navyo, akaona hawezi. Hakumdharau mfalme, wala hakwenda vitani amefungwa na heshima ya mfalme. Alieleza sababu kwa maneno machache, akavivua. Angalieni mambo mawili: alijaribu kwanza, kisha akasema kweli.

Basi, mwalimu mpendwa, fanya vivyo hivyo. Gitaa si mali yako. Ni amana ya usharika. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther, ambaye mwenyewe alipiga kinanda cha nyuzi na kuipenda sana muziki, aeleza amri ya saba kuwa yatupasa pia kumsaidia jirani ili mali yake itunzwe na kuongezeka. Aliachaye gitaa la watu livunjike ili yeye asione haya, analipa adabu yake kwa mali ya wengine.

Lakini amri ya nne yatuagiza heshima, na ya nane yatuagiza kumfikiria mwenzetu kwa wema. Kwa hiyo usimwaibishe mzee mbele ya kwaya. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nenda nyumbani kwake, umshukuru kwanza, tena kwa kweli. Kisha uchukue gitaa pamoja na sanduku, mpime pamoja, macho yake yaone. Mwenye kuonyeshwa haoni haya kama mwenye kuambiwa. Nadhani yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema, Halifai. Vijana wakiwa na gitaa la nyuzi 6, sanduku lake na liwe la hilo, wala zawadi haitapotea. Na kwa hili la kale mwiteni seremala atengeneze sanduku kwa vipimo vyake, na ndani atie mto na kitambaa laini. Au tafuteni sanduku kubwa kidogo, mjaze palipo wazi. Sanduku lilegealo hurekebishwa kwa kitambaa. Libanalo halirekebishwi kwa nguvu.

Nasi walimu wa Neno tujihoji. Mara ngapi twamletea mwenye huzuni faraja tuliyomwandalia mwingine? Mara ngapi twachukua onyo lililomfaa mkaidi, tukamkandamiza nalo aliyevunjika moyo, kisha twasema, nilikusudia mema? Kila roho ina kiuno chake na mvuto wake wa ndani. Na tusikilize kwanza, ndipo tuseme.

Neno moja limebaki. Mkiisha kupata sanduku lifaalo, msilifanye kaburi. Katika Injili ya Luka, sura ya 19, yuko mtumishi aliyeifunga fedha ya bwana wake katika leso, akairudisha nzima, wala hakusifiwa. Sanduku ni kwa ajili ya safari na usiku. Jumapili lifunguliwe, na nyuzi zote 12 zimsifu Bwana.