NUHU ALIJENGA KABLA YA MVUA

Masomo: Mwanzo 6:13-22, Luka 13:1-5



Kila masika yanaporudi, sisi tunaokaa chini ya milima ya Mitumba tunalala jicho moja likiwa wazi. Hatujasahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipoacha njia yake na kuingia katika nyumba za watu wa Uvira. Hatujasahau Alhamisi ile ya tarehe 4 Mei 2023 katika wilaya ya Kalehe. Ilikuwa siku ya soko kule Nyamukubi. Mvua kubwa ilinyesha, na matope na mawe ya milimani yakafagia Nyamukubi na Bushushu. Waliokufa walipita 400, na wengi hawakuonekana tena hata wapate kuzikwa.

Msiba wa namna hii ukipita, maneno mawili husikika hata kati ya waaminifu. La kwanza: "Waliokufa walikuwa na dhambi." La pili: "Ni mapenzi ya Mungu, mtu atafanya nini?"

Neno la kwanza Bwana Yesu alikwisha kulijibu. Mnara wa Siloamu uliangukia watu 18, akawauliza wasikilizaji wake kama hao walikuwa wakosefu kuliko wakaaji wengine wote wa Yerusalemu. Mwenyewe akajibu kwamba sivyo, kisha akawaita watubu wale waliobaki hai. Basi, ndugu, msiba wa jirani si mahali pa kuhukumu marehemu, wala pa kutafuta mchawi. Usiende kwenye kilio na kidole cha kuonyesha. Nenda na unga na blanketi.

Neno la pili linajibiwa na Nuhu. Mungu alimwonya, lakini safina haikushuka kutoka mbinguni. Alipewa vipimo: dhiraa 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu. Aliagizwa kupaka lami ndani na nje, tena kuweka akiba ya chakula. Nuhu aliamini, na kwa sababu aliamini akashika shoka. Alijenga kungali kukavu. Anayeanza kutafuta mbao maji yakiwa magotini amechelewa.

Basi safina yetu ni nini leo?

Kwanza, ni kujua njia ya kukimbilia. Mlima uliokatwa miti hauwezi kushika udongo wake, na mto uliojazwa takataka utatafuta njia nyingine. Tunajua kwamba maskini hujenga kando ya mto kwa sababu kiwanja cha bei ndogo kiko pale. Kwa hiyo kila avenyu ijue mapema: nyumba gani iliyo juu itatupokea? Nani atambeba bibi asiyeweza kutembea? Mvua ikiwa inanyesha na mto ukapungua ghafula, ogopa: labda umezibwa kule juu. Ukileta matope mazito na magogo, au ukisikia mawe yakigongana mlimani, usingoje. Ondoka bondeni, panda upande wa juu, wala usirudi kuchukua sufuria. Na kengele ya kanisa ilie usiku huohuo, hata kama si saa ya ibada.

Pili, ni maji ya kunywa. Gharika inaweza kuua mara mbili: mara ya kwanza kwa nguvu zake, mara ya pili ndani ya kikombe. Maji yakijaa vyooni, uchafu unaingia visimani na ziwani, na kolera inafuata. Watu wa Uvira, Fizi na Kalemie wanaijua. Chemsha maji mpaka yatokote vizuri, yaweke katika bidoni safi yenye kifuniko. Nawa mikono kwa sabuni, au kwa majivu ikikosekana, utokapo chooni na kabla ya kula.

Tatu, ni mgonjwa. Kolera inaweza kumaliza mtu mzima kwa saa chache, kwa kuwa maji yote yanamtoka mwilini. Mara aanzapo kuhara, chukua litri 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojaa kupita kiasi, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo bila kuacha, na mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Wakati huohuo mpeleke kituo cha afya.

Hapa ninawasihi wazee wa kanisa na wote wenye kipawa cha kuombea: msimshike mgonjwa huyu katika chumba cha maombi akingoja ibada ya jioni. Mwombeeni njiani. Mungu anayesikia mbele ya madhabahu anasikia pia kando ya kipoyi. Anayemnyima mgonjwa daktari kwa jina la imani, damu ya mgonjwa huyo ataulizwa yeye.

Kiangazi hiki, kabla ya mvua za Septemba, kila parokia ichague wamama na vijana wa kufanya kazi hii: kuzibua mifereji, kuhesabu wazee na walemavu wa kila avenyu, kuweka akiba ya sabuni, sukari na chumvi. Hiyo nayo ni sadaka.

Bwana aliyefunga mlango nyuma ya Nuhu atulinde. Lakini atukute tumekwisha kujenga. Amina.