Mwanya Ukijazwa, Nani Amedanganywa?

Mpendwa, tuseme umeamua kujitengenezea stuli hapo nyumbani kwa msumeno wa mkono, randa, patasi na nyundo. Umetoboa tundu kwenye mguu, ukachonga ulimi wa kuingia humo. Kumbe ulimi umekuwa mwembamba, unacheza. Kila fundi anajua dawa ya haraka: changanya unga wa mbao na gundi, jaza, piga msasa, paka vanishi. Kwa macho huwezi kujua.

Je, huo ni uongo? Mithali 11:1 inakemea mizani ya uongo, lakini mizani ina mnunuzi. Sisi tuliosoma biashara tungemtafuta huyo kwanza, na hapa hayupo. Stuli ni yako. Basi hakuna aliyeibiwa, ama?

Mimi sikubali haraka hivyo. Gundi hushika vizuri pale mbao imegusana na mbao. Ule unga unaficha mwanya tu, haubebi uzito. Nyanya yako akija kukutembelea hajui hayo. Anakaa tu, anaamini. (Hata wewe, baada ya miaka 2 utakuwa umesahau.) Lakini ukibandika kipande chembamba cha mbao kwenye ulimi, kikauke, halafu ukichonge polepole mpaka ulimi uingie kwa kubana, hapo umetengeneza. Kwa nje stuli hizo mbili zinafanana kabisa.

Na ule ufa mdogo juu ya kikalio, usiobeba kitu? Huo jaza tu, usijitese bure.