Msamaha Haumkabidhi Mtu Watoto

Mtu aliyemfanyia mtoto ukatili wa kingono, kisha akatubu, je, ni haki kuendelea kumhofia? Swali hili huwalemea waumini, kwa kuwa dini zetu zinaamuru kusamehe, na aliyesamehewa huonekana ametakasika. Mimi nashikilia kwamba msamaha ni jambo moja na ulinzi ni jingine. Moyo wa mkosaji anaujua Mungu. Sisi tumepewa amana ya mtoto, na amana hiyo hailindwi kwa kukisia yaliyomo moyoni mwa mtu.

Ushahidi unatuonya tusitegemee tunayoyaona usoni. Mwaka 1998, watafiti Karl Hanson na Monique Bussière wa Canada walichambua kwa pamoja tafiti 61 kuhusu wakosaji wa kingono. Katika miaka 4 hadi 5, takriban asilimia 13 walijulikana kurudia kosa la aina hiyo. Dalili zenye uzito zilikuwa kama vile kuvutiwa kingono na watoto na kuwa na makosa ya awali. Kukana kosa au kutomwonea huruma aliyeumizwa hakukuhusiana na kurudia. Basi machozi ya toba hayatuhakikishii usalama wa mtoto, na macho makavu nayo si ushahidi wa hatari. Static-99, kipimo cha hatari ya kurudia kosa alichokiunda Hanson pamoja na David Thornton, kina vipengele 10, kama umri na hukumu zilizopita. Hakuna hata kimoja kinachouliza majuto.

Wapo watakaosema ni dhuluma kumpima mtu kwa takwimu za kundi, kwa kosa ambalo hajalitenda. Hoja hiyo ina nguvu pale kipimo kinapotumika kumzuilia mtu aliyekwisha kumaliza kifungo chake, kizuizi ambacho Mahakama Kuu ya Marekani ilikiruhusu mwaka 1997 katika kesi ya Kansas dhidi ya Hendricks. Lakini kumnyima mtu nafasi ya kufundisha madrasa au shule ya Jumapili si kumwadhibu. Hakuna mwenye haki ya kukaa faragha na watoto wa wenzake. Wengine watasema tunamfungia mlango maisha yake yote. Utafiti wa Hanson na wenzake wa mwaka 2014 unajibu: kwa waliohesabiwa kuwa na hatari kubwa, uwezekano wa kurudia ulikuwa asilimia 22 walipotoka gerezani, lakini asilimia 4.2 kwa waliokaa uraiani miaka 10 bila kosa. Kwa hiyo haki inadai tathmini ipitiwe upya kadiri miaka inavyopita.

Hata hivyo, kipimo humwona tu aliyekwisha kufikishwa mbele ya sheria, ilhali watoto wengi huumizwa na watu ambao hawajawahi kushtakiwa. Ndiyo maana ulinzi wa kwanza ni utaratibu unaombana kila mtu mzima, imamu na padri wakiwemo: asijifungie peke yake na mtoto. Anayetubu tumsamehe, tumsaidie apate kazi na makazi, na bado tusimkabidhi watoto. Jumuiya inaweza kuyafanya yote hayo kwa pamoja bila unafiki wowote.