SHANGWE IKIISHA, UTABAKI NA NINI?

Waitu kijana, wewe unayejaza jukwaa pale Kaitaba, wewe wa Hamugembe, Kemondo, Kamachumu na Muleba mjini, simama kidogo usome!

Je, wamjua Filbert Bayi, Mtanzania mwenzako? Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo mpaka mwisho. Dakika 3 na sekunde 32.2: rekodi ya dunia! Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, akavunja na ile ya maili moja.

Lakini sikia! Rekodi hiyo ya maili haikumaliza hata miezi mitatu. Agosti 12 John Walker wa New Zealand akaivunja. Mwaka 1976 Bayi hakukimbia Olimpiki ya Montreal. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu wa Afrika Kusini. Mlango ukafungwa, wala si kwa kosa lake.

Je, alikaa kijiweni akinung'unika? Hapana! Mwaka 1980, kule Moscow, alikimbia mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akapata medali ya fedha. Mbio zilipokwisha akaanzisha shule, watoto wa watu wakasoma.

Sasa nakuuliza wewe, rafiki. Umeachwa kwenye timu? Umefeli mtihani? Umekesha ziwani, dagaa hakuna? Ndiyo maana unakimbilia gongo na bangi? Hiyo haifungui mlango. Asubuhi mlango ni ule ule, na mfuko ni mtupu!

Sifa za watu ni kama rekodi: leo yako, kesho ya mwingine. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba wakimbiaji hujinyima mengi kwa taji linalonyauka. Wewe unajinyima nini, na kwa ajili ya taji gani?

Yesu hakupimi kwa saa. Hata aliyeanguka mzunguko wa kwanza, hata wa mwisho kabisa, anamwita kwa jina. Kwake hakuna kikosi cha akiba!

Usingoje kesho. Hapo hapo ulipo, zungumza naye kwa maneno yako mwenyewe. Mwambie ulipoanguka. Kisha inuka, nenda nyumbani ukapatane na mama uliyemliza, ushike kazi iliyo mbele yako.

KIJANA, MBIO ZAKO HAZIJAISHA. INUKA!