Ngozi ya Simbilisi na Wajibu wa Aliyemfungia

Mtu anapomfungia mnyama ndani ya boksi au banda, humnyang'anya njia zake za kujisaidia: hawezi tena kuhama sakafu iliyolowa, kuchagua majani, wala kumkwepa mwenzake mgonjwa. Kwa hiyo wajibu wa kumtibu hautokani na bei yake wala na akili yake, bali na kule kufungiwa. Usukumani ng'ombe mwenye kupe hupelekwa joshoni bila mjadala, kwa sababu ng'ombe ni mali. Mjadala huanza tukishuka hadi kwa simbilisi, ambaye gharama ya kumtibu inaweza kuzidi pesa aliyonunuliwa.

Tuitazame ngozi yake. Asili ya simbilisi ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, nchi ya nyasi na hewa kavu. Lakini katika kata ya Mabatini jijini Mwanza nyumba zimebanana, na mvua kubwa ikinyesha, mto Mirongo hufurika. Banda lililowekwa chini hulowa. Akikaa juu ya maji na mkojo, nyayo zake huvimba na kutoka vidonda. Wakirundikwa wengi, chawa huenea na wenye nguvu hung'oa manyoya ya wanyonge. Akiingizwa mgeni bila kutengwa kwanza wiki mbili tatu, anaweza kuja na utitiri uitwao Trixacarus caviae, unaochimba ndani ya ngozi na kuacha magamba, mabaka matupu na mwasho mkali kiasi kwamba mnyama akiguswa tu aweza kushikwa na degedege. Mapunye mara nyingi huanzia puani na kuzunguka macho na masikio, nayo huhamia kwa mtoto anayempakata. Akilishwa pumba tupu hupata kiseyeye, maana mwili wake, kama wa binadamu, haujitengenezei vitamini C. Anahitaji takriban miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kila siku, ambazo kipande cha pera na majani mabichi humpatia. Yapo maradhi yasiyo na mkosaji, kama jike mzee anayepoteza manyoya mbavuni pande zote mbili, bila kujikuna, kwa sababu ya uvimbe kwenye ovari. Lakini mengi ya niliyoyataja yametokana na mahali alipowekwa na chakula alichopewa, na vyote viwili aliviamua mtu.

Anayepinga ataanza na umaskini: mtoto wa jirani ana upele, nani atoe pesa kwa ajili ya simbilisi? Pingamizi hili ni zito, na sitadai kwamba maumivu yote yana uzito mmoja. Mtoto anatangulia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tiba si pesa: ni nyasi kavu zinazobadilishwa, banda lililoinuliwa, majani mabichi, na mgonjwa kutengwa. Utitiri ndio unaodai dawa, hasa aivamektini, ile ile inayotumika kwa ng'ombe. Dozi ya simbilisi ni ndogo mno, hivyo daktari wa mifugo aipime kwa uzito, na irudiwe baada ya siku 7 hadi 14 kwa kuwa haiui mayai. Huruma isiyo na maarifa huua pia: oili chafu anayopakwa mnyama huilamba ikawa sumu, na penisilini ya kumeza huvuruga utumbo wa simbilisi hata akafa. Kujifunza, basi, ni sehemu ya wajibu wenyewe.

Wengine watasema tumtibu kwa faida yetu tu, ili mapunye yasiwafikie watoto. Mwanafalsafa Kant naye aliona ubaya wa kumtesa mnyama katika kutuzoesha ukatili kwa watu. Siikatai hoja hiyo, lakini haifiki mbali. Chawa wa simbilisi hawaishi kwa binadamu. Je, hao turuhusiwe kuwaacha?

Wapo pia wanaosema: simbilisi si ataliwa? Dini zenyewe zimetenganisha kuchinja na kutesa. Uislamu unamtaka mchinjaji anoe kisu na asimsumbue mnyama kabla. Na katika hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kosa linatajwa kwa namna ya pekee: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Torati inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anapopura nafaka. Pote pawili anayeulizwa ni yule aliyefunga. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili hapa Tanzania, bila kumsamehe mwenye mnyama wa bei rahisi. Ama simbilisi aliyetibiwa kwa aivamektini, asiliwe hadi daktari aseme dawa imekwisha mwilini.

Linabaki swali gumu la asiyeweza kabisa kumtibu. Kumtupa kichakani si kumwachia huru, kwa kuwa huko hawezi kuishi. Ampe mwingine mwenye uwezo, au mateso yakizidi amwombe daktari amalize haraka. Ila wajibu huu ulipaswa kuanza kabla ya kununua. Mnunuzi ayafunue manyoya ya mgongoni hadi ngozi ionekane, atazame nyuma ya masikio na chini ya nyayo, na kama nyumbani hana mahali pakavu pa kumweka, asinunue.