Je, Kuuliza ni Kukosa Imani?



Safari hii tunapenda kuzungumza na vijana wetu waliomaliza masomo, pamoja na wazazi wao. Hapa Uganda wapo wenye cheti na wapo wenye shahada. Wengine wamesomeshwa na ufadhili wa DAFI, ambao tangu mwaka 1992 umewasaidia wakimbizi kuingia vyuoni. Familia nzima ilimngoja kijana amalize. Sasa amemaliza, anapeleka barua za kuomba kazi, na majibu hayaji.

Kisha siku moja simu inaleta ujumbe: hongera, umechaguliwa. Shirika ni kubwa na mshahara ni mzuri. Kinachotakiwa ni shilingi 50,000 za fomu, zitumwe kwa simu kabla ya jioni. Zikifika, zinadaiwa za uchunguzi wa afya, halafu za sare, halafu za usafiri. Mama anauza mbuzi, kisha anauza mahindi aliyoyaweka kwa mbegu. Mwisho simu ya yule mtu haipatikani tena.

Kabla ya kutuma, wengi hujiuliza: tulimwomba Mungu kazi, na kazi imekuja. Tukianza kuishuku, je, si kukosa imani? Swali hili ni zito, na tapeli analijua. Ndiyo maana anaweza kutusalimu kwa Bwana asifiwe, kisha akatuonya tusimwambie mtu mpaka muujiza utimie.

Tuwakumbuke Wagibeoni katika kitabu cha Yoshua, sura ya 9. Walifika kwa Waisraeli na mikate mikavu yenye ukungu, viriba vya divai vilivyopasuka na viatu vyenye viraka, wakasema wametoka nchi ya mbali. Viongozi wa Israeli walishuku kidogo, hata wakauliza. Lakini waliwauliza wageni wale wale, wakaikagua mikate ile ile waliyoonyeshwa. Hawakutafuta shauri la Bwana. Wakaapa, na baada ya siku tatu wakajua kwamba wale watu ni majirani zao.

Hapo pana fundisho kwetu. Ile mikate iliandaliwa ili ikaguliwe. Hata barua yenye muhuri na nembo ya shirika imeandaliwa ili tuitazame na kuridhika. Ukimpigia yule aliyeiandika, atakuthibitishia kila kitu. Kuuliza kwa kweli ni kumwuliza mwingine: kwenda katika ofisi ya shirika lenyewe, au kupiga namba uliyoipata mahali pengine, isiyo katika ujumbe ule.

Mambo mengine tunaweza kuyajua mapema. Huduma za UNHCR hazilipiwi, hata zile za kuhamishiwa nchi ya tatu. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Na kampuni inayopeleka watu kufanya kazi ng'ambo kutoka Uganda inapaswa kuwa na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Anayekuambia upite njia ya pembeni anataka usionekane na mtu.

Wala tusidhani kwamba elimu peke yake inatosha kuwa ngao. Mwezi wa Agosti 2023, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba huenda watu wasiopungua 120,000 huko Myanmar, na wapatao 100,000 huko Kambodia, walikuwa wakilazimishwa kutapeli wengine kwa intaneti. Wengi walivutwa kwa ahadi za kazi nzuri. Wengi walikuwa wasomi, wanaojua kompyuta na lugha kadhaa. Aliyedanganywa akageuzwa kuwa mdanganyifu kwa nguvu.

Basi, je, kuuliza ni kukosa imani? Tunaamini sivyo. Imani yetu tumeiweka kwa Mungu, na hakuna mahali tulipoagizwa kuiweka katika namba ya simu tusiyoijua. Kazi ya kweli haiharibiki kwa kuulizwa. Ukienda kuihakikisha kesho, utaikuta. Ya uongo ndiyo inayokimbilia jioni na kutaka siri.

Lakini kijana hataweza kuuliza kama nyumbani anasubiriwa kwa swali moja tu: umesoma, tutakula lini? Wala aliyeibiwa hatasema kama anajua atachekwa. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa kilio kinahamia kwa jirani, maana namba ile ile inampigia yeye wiki ijayo. Aibu ni ya mwizi. Aliyeibiwa akisema, amelinda nyumba kumi.

Kwa hiyo, wazazi, mpeni kijana nafasi ya kuuliza kabla mbuzi hajauzwa. Vijana, ileteni barua kwa wazee wa kanisa au kwa mwenzenu aliyekwisha kuajiriwa, mkaisome pamoja, kwanza kabla ya kutuma hata shilingi moja. Na atakayesimama kati yetu kusema kwamba ametapeliwa, tumsikilize kama ndugu aliyetuletea habari ya kutuokoa.

Mungu awalinde na kuibariki kazi ya mikono yenu.